Kiti cha Gari Lingine Kimeingia, Shida Zimeanza: Dalili na Vyanzo Vyake

Kubadilisha viti ni kazi inayodanganya macho. Unapita kwenye spea za Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, unaona kiti cha Toyota Mark X kimeegeshwa ukutani, ngozi haina mkunjo, sponji bado imejaa, na moyo unakwambia ni boliti nne tu: toa nne, funga nne. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi kiti kinaingia, unafurahi mpaka barabara kuu, kisha taa ya eabegi, yaani mfuko wa hewa, inawaka, reli inagoma, au unagundua kwamba kila ukikata kona kiti kinacheza chini yako.

Mifano mingi hapa nitaitoa kwenye Toyota Probox, maana ndilo gari ambalo wenyewe hulichoka kiti kabla ya kulichoka injini. Lilitoka mwaka 2002 kama gari la kazi la kusambaza mizigo Japani, na kiti chake cha dereva kilitengenezwa kwa hesabu hiyo, si kwa mtu anayeshuka na miraa kutoka Maua mpaka Nairobi kila alfajiri. Basi watu huliwekea viti vya Succeed, Fielder, Wish, Premio, hata Mark X. Lakini dalili nitakazozitaja hazichagui gari. Mwenye Forester aliyepata viti vya Recaro vya Lancer Evolution atakutana nazo vilevile, tena na zaidi.

Jambo moja liwe wazi tangu mwanzo. Kiti kina sehemu tatu: kiti chenyewe, yaani fremu, sponji na kitambaa, reli zinazokibeba, na waya. Unachokitamani ni sehemu ya kwanza. Shida karibu zote hutoka kwenye hizo mbili nyingine. Kwa hiyo, kabla hujamwita mchomeleaji, geuza viti vyote viwili kichwa chini, cha zamani na kipya, na uangalie kama reli za gari lako zinaweza kufungwa chini ya kiti kipya. Kwa magari ya kampuni moja na ukubwa unaokaribiana jambo hili hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Reli zako zinajua sakafu yako: mashimo, urefu wa miguu, mahali pa kifungio cha mkanda. Zikibaki, nusu ya matatizo yanayofuata hayatakuhusu.

Kabla ya kushika spana

Sogeza kiti mbele kabisa ufungue boliti za nyuma, kisha kirudishe nyuma ufungue za mbele. Kama kiti ni cha umeme, fanya hivyo kabla ya kukata betri, la sivyo utabaki na boliti mbili zilizojificha chini ya kiti kisichosogea. Huko kwenye duka la spea pia, kiti cha umeme kijaribiwe kwa betri ya volti 12 kabla hujatoa hela.

Halafu zima gari, toa ufunguo, fungua waya wa hasi wa betri na usubiri. Toyota wanataka angalau sekunde 90. Honda na Nissan wanataka dakika 3. Kompyuta ya mifuko ya hewa ina akiba yake ya umeme, ili mfuko ufanye kazi hata kama betri imeng'oka wakati wa kugongana, na akiba hiyo lazima iishe kwanza. Plagi za njano chini ya kiti ndizo zake. Usizipime kwa mita ya umeme. Mita inapopima ukinzani hutuma mkondo kwenye waya, na fataki ya mfuko, yaani kilipuzi kidogo kinachoufungua, haihitaji mkondo mkubwa.

Kwenye kununua, tazama ubavu wa mgongo wa kiti, upande wa mlango. Ukiona lebo ya SRS AIRBAG, kiti kina mfuko wake. Mshono ukiwa umepasuka au umeshonwa upya kwa uzi tofauti, chukulia kwamba mfuko ulishalipuka, na huenda gari lile liligongwa ubavuni. Fremu hiyo iache hapohapo. Chungulia pia springi zilizo chini ya kikalio. Ngozi inang'aa huku springi zina kutu nyekundu? Gari lililala majini, na plagi zake nazo zililala humo.

Boliti inaingia raundi mbili tatu, kisha inakaza

Hapa wengi huongeza nguvu, na nguvu ndiyo inayoharibu. Boliti za viti vya Toyota kwa kawaida ni za milimita 10, kichwa cha spana namba 14, na hatua ya nyuzi, yaani umbali kutoka uzi mmoja hadi unaofuata, ni milimita 1.25. Boliti ya milimita 10 utakayopewa dukani kwa vifaa vya ujenzi ina hatua ya 1.5. Kwa macho ni mapacha. Ukiianza kwa mkono itakubali, kisha itakwama, na ukiilazimisha kwa spana ndefu itakula nyuzi za nati iliyochomelewa ndani ya sakafu, mahali usipofika kwa mkono.

Tumia boliti zilizotoka kwenye gari lako. Ukilazimika kununua, nenda nayo moja dukani kama sampuli, na hakikisha kichwani imeandikwa namba ya uimara, 8.8 au zaidi. Isiyo na namba kichwani haifungi kiti.

Boliti ya mkanda ni habari nyingine kabisa. Sehemu nyingi za kufungia mkanda hutumia nyuzi za inchi, 7/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi, hata kwenye magari ya Kijapani ambayo kila kitu kingine ni cha milimita. Usizichanganye na boliti za kiti kwenye kopo moja.

Kama ulitumia boliti sahihi na bado inakaza, sababu huwa ni rangi, kutu au mchanga ndani ya nati. Pitisha tapi, kifaa cha kuchonga nyuzi, ya saizi hiyohiyo kwa upole na uisafishe.

Boliti tatu zimekubali, ya nne imekataa

Kabla ya kuhukumu, legeza zote. Anzisha zote nne kwa vidole, raundi mbili mbili, kabla ya kukaza hata moja. Kiti kilichokazwa kona moja kwanza kitakunyima kona ya pili hata kwenye gari lake la kuzaliwa.

Ikiendelea kukataa, pima. Tandika katoni sakafuni, bonyeza juu ya mashimo mpaka alama zitokee, toboa, kisha hamishia katoni hiyo chini ya kiti kipya. Kwa dakika chache utajua tofauti iko wapi. Lakini katoni inakuonyesha upana na urefu tu, haikuonyeshi kimo. Katika magari mengi miguu minne ya kiti haiko kwenye usawa mmoja: ya nje inakaa karibu na kizingiti cha mlango, ya ndani inapanda kwenye mgongo wa sakafu unaopita katikati, na ya mbele iko juu ya boriti ya kukatiza. Mguu wa ndani wa nyuma ndio msumbufu mkuu. Mashimo yanaweza kulingana kwa milimita na bado mguu mmoja ukaelea.

Tofauti ya milimita chache kwenye tundu la mguu wa kiti inatibika kwa kulirefusha tundu kidogo na kuweka washa nene iliyo pana. Narefusha tundu la mguu wa kiti, sirefushi la sakafu. Mguu unaoelea usiuvute chini kwa kukaza boliti. Utaupinda na reli itaanza kugoma. Ujaze pengo kwa kipande cha chuma kizima kilichotobolewa, si kwa mnara wa washa.

Zaidi ya hapo, rudi kwenye wazo la reli zako mwenyewe. Reli zisipokubali ndipo unapotengeneza mabano, yaani vipande vya chuma vya kuunganisha kiti na sakafu, na hapa ndipo ninapoomba watu watulie.

Kiti hakibebi uzito wako tu. Kanuni ya Marekani ya uimara wa viti inadai kiti kistahimili nguvu ya mara 20 ya uzito wake. Kiti cha kilo 20 ni kama kilo 400 zinazovuta miguu minne, na hapo hatujamhesabu mtu. Kwenye gari ambalo kifungio cha mkanda kimefungwa kwenye kiti chenyewe, sehemu kubwa ya mzigo wa mwili wako nayo inapita kwenye boliti hizohizo. Fundi anayechomelea mageti ya dirisha anaweza kuwa na mkono mzuri sana, lakini geti lake halijawahi kuulizwa swali hilo.

Kipimo cha kuazima kipo kwenye sheria za FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, zilezile zinazotumika kwenye Safari Rally. Kwa kiti wanataka sehemu nne za kufungia, boliti zisizopungua milimita 8, mabano ya chuma yasiyo chini ya unene wa milimita 3, na kila sehemu iwe na bamba la kushikilia lenye eneo la sentimita za mraba 40. Bamba hilo lina sababu yake. Bati la sakafu ya gari dogo halifiki hata milimita moja. Ukitoboa tundu jipya ukaweka boliti na washa ndogo chini, siku ya kugongana boliti itapita kwenye bati na kiti kitaenda na mwenyewe. Kwa gari la barabarani mimi napenda mabano yatumie nati za asili zilizomo sakafuni, kwa sababu zimechomelewa kwenye boriti, na kutoboa kuwe njia ya mwisho kabisa.

Na kama ni Honda Fit, usitoboe. Tangi lake la mafuta liko chini ya viti vya mbele. Kwa gari lolote lingine, ingia uvunguni kwanza uone bomba za mafuta na breki zinapopita.

Mabano yachomelewe nje ya gari, yapoe, yapakwe rangi, ndipo yafungwe. Usichomelee kwenye reli. Joto linalegeza chuma chake, linayeyusha vipande vya plastiki vya ndani na kukausha grisi, kisha kiti kinakaa kizuri kwa mwezi na kuanza kulegea.

Kiti kinagoma kusogea, au kinafunga upande mmoja

Legeza boliti zote nne kidogo, kisha jaribu kukisogeza. Kikiteleza vizuri, reli haina ugonjwa. Imepindwa na sakafu. Mguu mmoja uko juu au chini kuliko inavyotakiwa, na ulipokaza ulizisokota reli. Rudi kwenye kimo cha miguu.

Kikigoma hata kikiwa kimelegezwa, tazama kama reli mbili ziko sambamba. Zipime umbali mbele, zipime nyuma, namba zifanane. Hili huwapata zaidi waliohamisha reli, kwa sababu walizifunga kwenye fremu moja baada ya nyingine bila kuangalia kama zote zimeanzia meno yaleyale. Reli ya kulia ikiwa jino la tano na ya kushoto jino la sita, upande mmoja utafunga na mwingine utabaki umening'inia. Utakaa, utasikia mlio wa kufunga, utaamini. Ukipiga breki kali, upande usiofungwa unakimbia mbele.

Dawa ni kuzisukuma reli zote mbili mpaka mwisho wa nyuma, zikiwa wazi, ndipo uzifunge kwenye fremu. Unganisha ile fimbo au kebo ya kufungulia, kisha hakikisha ulimi wa kila upande unaingia na kutoka kwa wakati mmoja. Ingiza tochi chini na uone kwa macho. Kusikia hakutoshi.

Utaratibu wa kukaza ni huu: zote kwa vidole, kiti nyuma kabisa, kaza za mbele, kiti mbele kabisa, kaza za nyuma, halafu sogeza kwenda na kurudi mara kadhaa uone kama kuna mahali pazito. Kwa Corolla na ndugu zake wengi toki, yaani nguvu ya kukazia, ya boliti za kiti ni 37 Nm, ambayo si nyingi. Anayekaza mpaka spana ilie amepita.

Kiti kinacheza ukishika breki au ukikata kona

Shika sehemu ya juu ya mgongo wa kiti, tikisa mbele na nyuma, huku mwenzako ameweka kidole kwenye kila kiungo: mguu na sakafu, reli na reli, fremu na reli, mgongo na kikalio. Kidole kitasikia kabla ya sikio. Mchezo kati ya mguu na sakafu ni boliti au mguu ulioelea. Mchezo kati ya reli ya juu na ya chini ni reli iliyochakaa, na hiyo haitibiki kwa kuigonga nyundo ili ibane, tafuta nyingine. Mchezo kwenye kiungo cha mgongo ni meno ya kulalia yamelika, ugonjwa wa viti vilivyokaliwa na dereva wa teksi. Nunua kingine.

Kama mchezo wote uko kwenye boliti moja inayolegea kila baada ya muda, usikimbilie gundi ya nyuzi. Kuna kitu kinakunjuka pale, mara nyingi bano jembamba. Tafuta ufa kwenye rangi, karibu na mahali palipochomelewa.

Kichwa kinagusa paa, au mgongo unauma baada ya safari

Kiti cha gari la chini kikiwekwa kwenye gari la juu hukuzamisha. Kinyume chake hukupandisha. Viti vingi vya Mark X vina mitambo ya umeme chini yake, kwa hiyo hata vikishushwa mpaka mwisho vinaweza kusimama juu kuliko cha Probox. Pima kutoka chini ya mguu wa reli mpaka juu ya kikalio, pale unapokalia, kwa viti vyote viwili, kabla ya kununua. Ongezeko la sentimita 3 unalisikia. La sentimita 5 linabadilisha unachokiona kwenye kioo na jinsi mguu unavyoshuka kwenye klachi.

Maumivu ya mgongo yanayokuja baada ya kuweka kiti "kizuri zaidi" mara nyingi hayatoki kwenye sponji. Kiti kimekaa mshazari. Tazama kutoka kiti cha nyuma: je, katikati ya kiegemeo cha kichwa inaelekea katikati ya usukani? Kwenye kiti cha asili inaweza kupishana kidogo, kwa hiyo linganisha na picha uliyopiga kabla ya kukitoa. Hukupiga? Piga upande wa abiria kama bado haujaguswa. Jaribu pia kutazama kama kikalio kimeinama mbele. Miguu ya nyuma ikiinuliwa kupita ile ya mbele, mapaja yanakosa pa kulala na mtu anateleza chini ya mkanda akigongwa.

Na ukishakaa, pima kutoka katikati ya usukani mpaka kifuani. Isipungue sentimita 25. Kiti kipya chenye mgongo mnene kinakusogeza mbele bila wewe kujua, na mfuko wa hewa wa usukani unahitaji hiyo nafasi ili ufunguke kabla haujakufikia.

Taa ya eabegi imewaka

Uliza kwanza swali dogo: je, kuna mtu aliwasha ufunguo wakati plagi ya njano haijachomekwa? Labda kusogeza gari kwenye kivuli, labda kuteremsha kioo. Ikiwa ndivyo, kompyuta imeandika kosa na taa inaweza kubaki hata baada ya kila kitu kurudi mahali pake. Mwenye skana anafuta kosa, na likiwa halirudi, kazi imekwisha. Hiki ndicho chanzo cha kawaida kabisa, na watu hulipa pesa nyingi kwa kisichokuwa ugonjwa.

Kama kosa linarudi, ziko hali mbili.

Ya kwanza: gari lako lina mifuko ya hewa kwenye viti, kiti kipya hakina. Kompyuta inatafuta fataki yenye ukinzani wa ohmu kama 2 hadi 3, inakuta waya umekatika, inawasha taa. Mitaani kuna dawa maarufu: kipande cha rezista cha ohmu 2 kwenye plagi, taa inazimika. Inazimika kweli. Lakini anayelinunua gari hilo kesho anaonyeshwa dashibodi safi, huku ubavuni hana kitu, na hakuna atakayemwambia. Siwezi kumshauri mtu kufanya hivyo. Kuiacha taa iwake nako si jibu, kwa sababu kwenye magari mengi kosa moja huweza kusababisha mfumo mzima, pamoja na mfuko wa usukani, usifanye kazi. Jibu ni kutafuta kiti chenye mfuko, cha modeli inayotumia mfuko uleule, au kubaki na fremu ya mgongo ya kiti chako na kuhamishia sponji na kitambaa tu pale maumbo yanapokubali.

Ya pili ni nyepesi: kiti kipya kina mfuko, gari halina mahali pa kuuchomeka. Probox nyingi za zamani ziko hapa. Taa haitawaka kwa sababu kompyuta haijui chochote. Plagi ya njano iache wazi bila kuikata. Ndani yake kwa kawaida kuna kipande cha chuma kinachounganisha pini zake mbili plagi ikiwa haijachomekwa, ili umeme wa kupotea usilipue mfuko. Ukiikata plagi unakata na kinga hiyo. Ifunge vizuri isiguse reli, na ujue kwamba mfuko huo ni mzigo tu, hautakulinda.

Onyo la mwisho hapa: rangi ya njano haimaanishi plagi ni ileile. Plagi ya kikaza mkanda, kinachouvuta mkanda wakati wa kugongana, na ya mfuko wa ubavu zinaweza kukaa karibu chini ya kiti kimoja. Isiyoingia kwa mkono mwepesi siyo mahali pake. Wala usichanganye mifuko ya modeli tofauti kwa sababu plagi zimekubaliana, kwa maana umbo la mfuko na kasi yake ya kujaa vilipangwa kwa mlango fulani na kiti fulani.

Na kwa kuwa tuko hapa: kifuniko cha ngozi kilichoshonwa kubana mgongo mzima, bila mshono dhaifu upande wa mlango, kinauziba mfuko uliomo. Nimeona gari jipya, mifuko yote mizima, taa safi, na vifuniko vya kushonwa vilivyoizima miwili kati yake.

Mkanda: unapiga kelele, haufiki, au unakaa vibaya

Taa ya mkanda isiyozimika hata ukijifunga hutoka kwenye swichi iliyo ndani ya kifungio. Kifungio cha gari lingine kinaweza kuwa na swichi inayofanya kazi kinyume: wazi pale yako inapofunga. Kwa upande wa abiria huongezeka kipimo cha uzito ndani ya kikalio, karatasi nyembamba yenye waya mbili. Kisipounganishwa, ama taa haiwaki kamwe, ama haizimi. Magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani yana kipimo cha hali ya juu zaidi kwenye kiti cha abiria, kinachoamua kama mfuko wa abiria ulipuke au usilipuke, na hicho hudai kusawazishwa upya kwa skana baada ya kiti kufunguliwa. Ukiwa na gari la namna hiyo, usibadilishe kiti cha abiria kabla hujampata mwenye skana inayoweza.

Kuhusu kifungio chenyewe sina maneno mengi: hamisha kile cha gari lako kwenye kiti kipya. Ulimi wa mkanda na kifungio vilitengenezwa pamoja. Ulimi wa kampuni moja unaweza kuingia kwenye kifungio cha nyingine, ukatoa mlio, na usishike kikamilifu. Vuta kwa nguvu na kwa ghafla, mara nyingi. Ukitoka hata mara moja, umeshapata jibu. Boliti ya kifungio kwenye Toyota hukazwa kama 42 Nm.

Kisha kaa ujifunge utazame mstari. Mkanda wa chini ulale kwenye mifupa ya nyonga, si tumboni. Kiti kikiwa kimepanda na kifungio kimebaki sakafuni, kifungio kitazama pembeni mwa sponji na utakuwa unakitafuta kwa vidole. Kiti kikishuka na kifungio kikabaki juu, mkanda unapanda tumboni. Vyote viwili hutibiwa kwa kurekebisha kimo cha kiti, si kwa kurefusha shina la kifungio na kipande cha chuma. Nyongeza hizo zinauzwa. Ziache ziuzwe.

Viti ambavyo mkanda wake umejengwa ndani ya mgongo, kama vya Mercedes SL ya R129, havifai kuhamishiwa kwenye gari la kawaida hata kidogo. Mzigo wote wa mwili unashuka kwenye reli, na sakafu yako haikujengwa kuupokea.

Kiti cha umeme hakisogei, kinakata fyuzi, au kinamaliza betri

Kiti cha umeme kinataka umeme wa kudumu wenye nguvu, fyuzi yake peke yake, na hasi safi. Fyuzi ya ampea 30 ni ya kawaida. Waya uwe wa milimita za mraba 4, utoke betri au kwenye kisanduku cha fyuzi, na fyuzi iwe karibu na mwanzo wa waya. Aliyechomoa umeme kwenye kiwashio cha sigara atabadilisha fyuzi ya ampea 15 kila wiki, kisha siku moja ataweka ya 30 kwenye waya ule mwembamba, na moshi utaanzia chini ya kapeti.

Kinasogea kidogo, kinasimama, baada ya muda kinaendelea? Hiyo ni kinga ya joto ndani ya mota inajikata. Reli zimesokotwa au kuna kitu kimekwama. Usiilaumu waya.

Hakisogei kabisa ingawa umeme upo: kama kina vitufe vya kukumbuka mkao, kina kompyuta yake, na baadhi ya hizo hazifanyi kazi bila kuongea na gari lao. Swichi za kiti kisicho na kumbukumbu cha modeli ileile kwa kawaida ndiyo njia ya mkato. Betri ikiisha usiku, pima mkondo gari likiwa limelala. Zaidi ya ampea 0.05 ni nyingi. Toa fyuzi ya kiti uone kama inashuka.

Viti vya usukani wa kushoto

Kongo, Rwanda na Burundi wanaendesha upande wa kulia wa barabara, na baadhi ya viti vinavuka mipaka. Kifungio cha mkanda kiko upande wa katikati ya gari, wenzo wa kulaza mgongo wa kiti uko upande wa mlango. Kwa hiyo kiti cha dereva cha gari la usukani wa kushoto kitakaa kwa abiria wa gari la Kenya, Uganda au Tanzania. Kwa dereva wako utatumia kile cha abiria, na huenda kisiwe na wenzo wa kupandisha kimo. Usijaribu kukigeuza.

Viti vya nyuma

Hapa shida huwa chache, maana mara nyingi hakuna reli, ila mbili zinafaa kutajwa. Kiti cha nyuma kinachokunjwa hushikwa na ndoana iliyo kwenye bodi. Ndoana isipofunga mpaka alama nyekundu ipotee, mzigo wa buti utakusukuma mgongo kwenye breki ya kwanza kali. Na kwa Toyota Aqua, betri kubwa ya haibridi iko chini ya kiti cha nyuma na inavuta hewa ya kupoza kupitia tundu la pembeni ya kiti. Sponji nene au kifuniko kikiziba tundu hilo, feni italia kwa sauti kubwa kwanza, kisha taa za onyo zitafuata.